Ufunguo wa Kabati la Barua Anao Nani?

Zamani barua ya ofisi kutoka Kyela kwenda Manda au Mbamba Bay ilisafiri kwa meli. Ilitiwa katika mfuko, mfuko ukafungwa kwa lakiri, na ye yote aliyeufungua njiani bila idhini alijua kwamba amevunja sheria. Nakala ilibaki masjala, na ufunguo wa kabati ulikuwa kwa karani anayejulikana. Leo barua hiyo haingoji meli pale Itungi wala Kiwira. Huenda kwa barua pepe na kufika kabla karani hajanyanyuka kitini. Hayo ni maendeleo, na tunayapokea kwa furaha. Lakini swali la zamani lingali palepale: ufunguo wa kabati anao nani?

Swali hili linatuhusu sisi wa mwambao kuliko wengi. Ziwa letu ni moja, lakini upande wetu wa Tanzania umegawanyika katika mikoa mitatu: Kyela imo Mbeya, Ludewa imo Njombe, na Nyasa imo Ruvuma. Dhoruba haiulizi mpaka wa mkoa, na maradhi ya kuambukiza hayaulizi. Ratiba ya meli ikibadilika, au kikao cha ulinzi wa mazalia ya samaki kikiahirishwa, wanaopaswa kujua wako katika wilaya tatu. Kwao barua na kalenda ya ofisi ni vyombo vya kazi kama jembe lilivyo kwa mkulima wa mpunga.

Kwa miaka mingi ofisi nyingi duniani zimetunza barua na kalenda zake katika seva ya Microsoft Exchange. Ni chombo kizuri, hatukikashifu. Lakini ni chombo cha kampuni moja, msimbo wake ni siri ya kampuni, na mwenye kampuni ndiye hupanga bei na muda. Tarehe 14 Oktoba 2025 kampuni hiyo iliacha kuyahudumia matoleo ya mwaka 2016 na 2019. Toleo lililofuata halinunuliwi mara moja likawa lako. Linataka malipo yasiyokoma. Asiyelipa hubaki na mlango ambao kitasa chake kikiharibika hakuna fundi mwenye ruhusa ya kukigusa. Na malipo yenyewe yanahitaji fedha za kigeni, ambazo mkulima wetu wa kakao huzitafuta kwa jasho.

Ipo njia nyingine, nayo ni programu huria, yaani programu ambayo msimbo wake uko wazi, na mtu ye yote ana haki ya kuusoma, kuutengeneza na kuwagawia wenziwe. Postfix husafirisha barua, Dovecot huzitunza katika visanduku, na SOGo hupanga kalenda za vikao. Zote hufuata kanuni za wazi, hivyo ofisi inaweza kubadili chombo kimoja bila kuvitupa vingine.

Wako watakaosema kwamba mambo haya ni ndoto. Basi na watazame jimbo la Schleswig-Holstein, kaskazini kabisa ya Ujerumani, nchi ya mwambao na visiwa kama yetu. Mwezi Oktoba 2025 serikali ya jimbo hilo ilitangaza kwamba imekamilisha kuhamisha visanduku vya barua zaidi ya 40,000 kutoka Exchange kwenda programu huria za Open-Xchange na Thunderbird. Sababu waliyoitoa ni hii tuisemayo: serikali itawale vyombo vyake yenyewe.

Wala hatuna haja ya kwenda mbali. Mwezi Desemba 2004 wataalamu wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam walitoa Jambo OpenOffice, programu ya ofisi inayozungumza Kiswahili. Hawakumwomba mtu ruhusa, kwa kuwa msimbo ulikuwa wazi. Takwimu za zahanati zetu nazo hukusanywa kwa DHIS2, programu huria iliyoanzia Chuo Kikuu cha Oslo, na ambayo Watanzania wamekuwa miongoni mwa waijengao. Muuguzi wa Matema ajazaye taarifa ya mwezi ameshaingia katika njia hii, pengine bila kujua.

Liko na somo la mwezi Mei 2024, zilipokatika nyaya za EASSy na Seacom chini ya bahari na intaneti ikazorota nchini kote. Ofisi ya Kyela yenye sanduku la barua ng'ambo, ikitaka kuiandikia ofisi ya Ludewa, barua yake huvuka bahari kwenda na kurudi ili kufika upande wa pili wa ziwa lile lile. Sanduku likiwa hapa nchini, mkato wa waya baharini hauwezi kuwatenga majirani wawili. Kampuni kubwa leo zinawavuta wateja wapeleke kila kitu katika mitambo yao ya mbali. Programu huria humwachia mwenye barua achague pa kuziweka.

Hata hivyo, tusidanganyane. Neno huria si sawa na neno bure. Seva hutaka umeme, nakala za akiba na fundi anayekesha. Mwaka 2021 wavamizi waliingia katika seva nyingi za Exchange duniani, hata za Bunge la Norway. Lakini mwaka 2022 seva za Zimbra, yenye msingi wa programu huria, nazo zilivamiwa. Aliyechelewa kuziba ufa aliumia, awe wa upande huu au ule. Na jiji la Munich, lililoamua mwaka 2003 kuhamia programu huria, mwaka 2017 liliamua kurudi lilikotoka. Kuanza ni rahisi; kazi ni kudumu.

Serikali yetu imekwisha kupiga hatua. Sheria ya Serikali Mtandao ya mwaka 2019 iliunda Mamlaka ya Serikali Mtandao, na taasisi za umma zina Mfumo wa Barua Pepe Serikalini. Lakini sisi gazetini tumepata mara kadhaa kuandikiwa na maafisa kwa anwani zao binafsi. Afisa akihamishwa, huondoka na masjala nzima mfukoni, na mrithi wake huanza kazi kama mtu aliyeamkia ugenini. Tabia hiyo haina budi ikomeshwe. Barua ya umma ni mali ya umma.

Kwa hiyo tunatoa rai. Viongozi wa halmashauri zetu tatu wahakikishe kwamba kila barua ya kazi inapita katika mfumo wa Serikali. Vyama vya ushirika, hospitali za mashirika ya dini, vyuo na wenye vyombo vya majini, ambao huchagua wenyewe, wapige hesabu ya miaka mitano kabla ya kulipia leseni nyingine. Watakaohama wahame kwa awamu: ofisi moja kwanza, nakala za barua zote zikiwa salama, na watumishi wakiwa wamefundishwa kabla, si baada. Chuo Kikuu cha Sayansi na Teknolojia Mbeya na vyuo vya VETA vitoe mafundi wa kuziendesha seva hizi, maana msimbo ulio wazi haumfai asiyejua kuusoma. Na kalenda za meli na vikao vya hadhara ziwekwe wazi, na nakala yake ibandikwe kila gati, ili mwananchi wa mwambao asikeshe ufukoni akingoja chombo kilichoahirishwa jana.

Wahenga walisema nguo ya kuazima haisitiri matako. Ofisi inayotunza siri za wananchi katika kabati la kuazima, lenye ufunguo wa mwingine, haijajisitiri. Tujifunze kulitengeneza kabati letu wenyewe, na ufunguo tumkabidhi karani tunayemjua.