Muhavura si mlima wa Wazungu peke yao

Watu wetu wanavuka mpaka wa Cyanika kila wiki wakiwa na viazi, maharage, vitenge na sabuni. Juu ya vichwa vyao umesimama mlima Muhavura, mita 4,127 kutoka usawa wa bahari, na mstari wa mpaka kati ya Rwanda na Uganda unapita kileleni mwake. Wapo waliopita chini yake miaka ishirini bila kuupanda hata mara moja. Ukiwauliza sababu, jibu ni lile lile: "Hiyo ni kazi ya Wazungu."

Jibu hilo silikubali, na nina sababu zangu.

Mimi ni mwalimu wa jiografia. Nilizaliwa Oruchinga, kusini mwa Mbarara, na huko ndiko nilikosomea. Wazazi wetu waliokimbia Rwanda kuanzia mwaka 1959 walipewa mahali pa kukaa Oruchinga na Nakivale. Mwaka 1982, Wanyarwanda walipofukuzwa majumbani mwao huko Ankole, wengi walirundikana katika makazi hayo hayo. Darasani tulikariri milima: Ruwenzori, Elgon, Muhavura. Ubaoni yote ilikuwa pembetatu za chaki. Lakini jioni wazee waliutaja Muhavura kwa sauti nyingine. Kwa Kinyarwanda, guhabura ni kumrudisha njiani mtu aliyepotea, na Muhabura ni yule anayeonyesha njia. Si ajabu kwamba redio ya RPF iliyoanza kutangaza mwaka 1991 ilipewa jina hilo.

Sisi tuliokulia ukimbizini tuliujua mlima kwa hadithi kabla ya kuuona kwa macho. Watoto wetu waliozaliwa nyumbani hawana hadithi na hawana mlima. Kwao Muhavura ni jibu la swali la mtihani. Wakati huo huo kijana kutoka Ujerumani au Marekani anapanda ndege usiku kucha, analipa kwa dola, anapanda hadi juu na kurudi kwao na picha. Tembea uone, walisema wahenga. Sisi tunatembea sana, lakini tunaona mizigo tu.

Julai 2023, wakati wa kiangazi, tulikwenda watu watano: walimu watatu, dada mmoja muuza nguo na binamu yangu dereva wa lori. Tulipita Mbarara, Ntungamo na Kabale, tukalala Kisoro. Asubuhi tulianza safari tukiwa na askari wa hifadhi mwenye bunduki, kwa kuwa nyati wamo. Upande wa Uganda mlima uko ndani ya Hifadhi ya Taifa ya Mgahinga, na upande wa Rwanda uko ndani ya Hifadhi ya Taifa ya Volkano. Njia haina mzunguko, inapanda moja kwa moja. Kwanza vichaka, kisha miti iliyovaa ndevu za kuvu, kisha mimea ya ajabu ya lobelia mirefu kuliko mtu. Dada muuza nguo, aliyezoea kubeba marobota, alitutangulia sote. Kileleni kuna ziwa dogo ndani ya shimo la volkano ya kale, na maji yake ni baridi kama barafu.

Nilichokiona huko ndicho kinachonisukuma kuandika. Upande mmoja yapo maziwa Burera na Ruhondo ya Rwanda. Upande wa pili lipo ziwa Mutanda la Uganda. Magharibi zimejipanga Gahinga na Sabyinyo, na kilele cha Sabyinyo ndipo nchi tatu zinapokutana: Rwanda, Uganda na Kongo. Mashamba ya huku na ya kule yana rangi moja. Mpaka hauonekani.

Wafanyabiashara hawahitaji kufundishwa uchungu wa mpaka. Tangu Februari 2019 hadi mwanzoni mwa mwaka 2022 njia zilifungwa. Mitaji ilikufa, mabinti walioolewa ng'ambo hawakuweza kuzika wazazi wao. Wahenga walisema milima haikutani, binadamu hukutana. Miaka ile ilikuwa kinyume: milima ya Virunga iliendelea kushikana bega kwa bega, sisi binadamu tukashindwa kukutana. Kijana aliyewahi kusimama juu ya Muhavura na kutazama pande zote mbili hatadanganywa kirahisi kwamba jirani yake ni mtu wa mbali. Somo hilo sijaweza kulifundisha kwa chaki.

Wapo watakaosema mlima haujazi chungu. Lakini unakijaza. Anayekwenda kupanda hulala katika nyumba ya wageni, hula viazi vya mkulima, hupanda bodaboda na humlipa mpagazi. Sheria ya Uganda inataka asilimia 20 ya ada za kuingia hifadhini zirudi kwa wananchi wanaoizunguka. Wapanda mlima wakiwa wetu pia, biashara haitategemea majira ya wageni peke yao.

Lipo pia deni ambalo haifai kulifumbia macho. Mgahinga ilipofanywa hifadhi ya taifa mwaka 1991, Batwa walioishi kwa msitu huo walitolewa, na wengi wao hawakupewa ardhi ya kutosha mahali pengine. Leo baadhi yao huwaongoza wageni kwenye njia za msitu wa mababu zao na kueleza dawa, asali na mitego ya zamani. Sisi tuliokulia makambini tunajua maana ya kuonyeshwa kwenu kwa mbali. Tukienda, tuwasikilize na tuwalipe haki yao.

Basi napendekeza mambo matatu. Kwanza, Mamlaka ya Wanyamapori ya Uganda na Bodi ya Maendeleo ya Rwanda zibandike ada za raia wa Afrika Mashariki na za wanafunzi kwenye vituo vya Cyanika na Gatuna, kwa Kiswahili na kwa lugha za wenyeji, na ada ya kupanda volkano iwe ile ambayo shule ya kijijini inaweza kuichangia. Tangazo lililo ofisini mjini halimfikii mama wa sokoni.

Pili, shule za sekondari za Rwanda ziungane na za Mbarara na Isingiro kwa safari moja kila mwaka. Wanafunzi wa Oruchinga na Nakivale wasiachwe nyuma. Wengi wao leo ni watoto wa Kongo, na baadhi yao wametoka Rutshuru, ambako milima hii hii ilikuwa ukuta wa ua wao.

Tatu, vyama vya wafanyabiashara wa mpakani vitenge siku moja ya mapumziko kwa mwaka, ya kupanda mlima badala ya kuhesabu marobota. Tangu mwaka 2014 raia wa Rwanda, Uganda na Kenya wanaweza kuvuka kwa kitambulisho cha taifa. Tukitumie kwa kutembeleana pia.

Atakayekwenda ajiandae. Kwenda na kurudi huchukua siku nzima, na anayetoka Mbarara, takriban mita 1,400, ataona pumzi inapungua. Chukua maji ya kutosha, koti la mvua, sweta na viatu vya kukamata ardhi. Ondoka mapema. Kichwa kikiuma sana au ukianza kutapika, shuka, usione aibu. Watoto wadogo waishie njia fupi za karibu na lango la Ntebeko, watauona mlima vizuri tu.

Wazee wetu waliutaja Muhavura miaka thelathini na zaidi wakiwa hawana ruhusa ya kuufikia. Wengi wamezikwa Oruchinga bila kuuona tena. Ruhusa tunayo sisi, na nauli ya basi kutoka Mbarara hadi Kisoro si fedha ya kumshinda anayeuza mzigo kila wiki. Kiangazi kijacho, mzazi, mpeleke kijana wako.