Nilidhani ni Uchovu, Kumbe ni Presha

Wale ambao mmekuwa mkinitazama kwa jicho la pembeni mjini mkajiuliza mbona nimenenepa, leo nawajibu hadharani: nina mimba ya wiki 35. Na wiki iliyopita nusura ulegevu wangu unitie hasarani.

Mambo yalianza Jumatatu. Niliporudi kutoka soko la Daraja Mbili nilimkuta mama mkwe ameketi sebuleni kwetu hapa Kisii mjini. Mbele yake kulikuwa na mkungu wa ndizi, unga wa wimbi, fungu la chinsaga na kuku aliyefungwa miguu. Alikuwa ametoka Nyamira na matatu ya alfajiri bila kutuarifu. Chinsaga, mboga ambayo watu wa pwani huiita mgagani, ndiyo ambayo mama wa Kisii hupikiwa akishajifungua ili arudishe damu.

"Lakini Mama, bado sijazaa," nikamwambia.

"Wewe kula tu, mwanangu. Damu huwekwa akiba."

Baada ya chai akatoa lililomleta. Alitaka nikajifungulie Nyamira. "Mtoto wa Nyamira azaliwe Nyamira, na cheti chake kiandikwe Nyamira," akasema. Mimi ni mzaliwa wa upande wa Tabaka, na mamangu mzazi alikuwa amenipigia simu siku moja kabla kunionya nisithubutu kuondoka Kisii. Watu wetu walikuwa wa wilaya moja hadi Nyamira ilipotengwa na Kisii, na tangu 2013 kila upande una gavana wake. Mji wa Keroka umezozaniwa na pande hizi mbili kwa miaka mingi. Sikujua kwamba mpaka huo ungefika hadi tumboni mwangu.

Jumanne ikawa zamu ya mume wangu. Alipeleka kazini barua ya kuomba likizo ya baba. Mkubwa wake aliisoma, akacheka, akamuuliza, "Kwani ni wewe utakayezaa?" Bwana alirudi nyumbani amenuna. Nikamwambia arudishe barua ile na safari hii ataje Sheria ya Ajira ya 2007, kifungu cha 29, kinachompa mama likizo ya miezi mitatu na baba wiki mbili, wote kwa mshahara kamili. Mimi mwandishi wa kujitegemea sina mwajiri wa kumwandikia, na kwa kweli hapo ndipo matatizo yangu yalipoanzia.

Nilikuwa nikidaiwa makala na mhariri. Kwa sababu hiyo nilikuwa nimeruka kliniki ya mwisho, nikijiambia nitaenda wiki ijayo. Kichwa kilianza kuniuma Jumanne usiku. Jumatano nilimeza dawa ya maumivu nikaendelea kuandika. Pete yangu ilikataa kutoka kidoleni. Miguu ilikuwa imevimba, lakini nikajiuliza, mjamzito gani asiyevimba miguu? Huko sebuleni mama mkwe na mwanawe walikuwa wakibishana juu ya jina. Kwetu Abagusii mtoto hupewa jina la jamaa aliyefariki, na marehemu katika ukoo wa mume wangu ni wengi kuliko watoto ninaokusudia kuzaa. Niliona ni kelele zao zinazoniumiza kichwa.

Alhamisi jioni binti yetu wa miaka sita alinitazama mezani kwa muda mrefu. "Mama," akasema, "mbona uso wako umekuwa mkubwa?"

Tulicheka sote isipokuwa mama mkwe. Aliweka kijiko chini, akanisogelea, akabonyeza muundi wangu kwa kidole gumba. Kidole kiliacha shimo.

"Macho yako yanaona vizuri?"

Nikamwambia kwamba tangu mchana nilikuwa nikiona vitu kama vimulimuli. Akamgeukia mwanawe. "Tafuta gari."

Sikuamini masikio yangu. Huyu ndiye mama niliyedhani atanichemshia mizizi. Tukiwa ndani ya Probox ya jirani, mvua ikinyesha, alinishika mkono akanisimulia jambo ambalo hata mumewe wangu hakuwahi kulisikia. Alikuwa na mdogo wake wa kike, mwenye mimba ya kwanza. Kichwa kilimuuma siku mbili, uso ukavimba, kisha akashikwa na degedege. Watu wakasema amerogwa. Wakati mganga akiendelea kutafutwa, dada na mtoto wakafariki pamoja. "Miaka mingi baadaye ndipo nesi mmoja aliponiambia jina la ugonjwa ule," akasema. "Kifafa cha mimba."

Hospitalini presha yangu ilipimwa ikawa 150 kwa 100. Mkojo ulipimwa ukakutwa na protini. Daktari alinieleza kwamba presha ikifika 140 kwa 90 au zaidi baada ya wiki ya 20 ya mimba, na protini ikaonekana kwenye mkojo, hiyo ndiyo hali inayoweza kuzaa kifafa cha mimba. Huweza kudhuru figo, ini na ubongo wa mama, na mtoto naye hukosa damu ya kutosha kupitia kondo la nyuma. Dawa hushusha presha, lakini ugonjwa wenyewe hauishi mpaka mtoto atoke. Nikalazwa hapo hapo.

Karani naye alitaka kujua habari za SHA, mamlaka iliyochukua nafasi ya NHIF tarehe 1 Oktoba 2024. Kumbe mume wangu alijisajili akasahau kuniongeza miongoni mwa wanaomtegemea! Maskini, alidhani jina la mke huingia lenyewe. Alisimama mvuani akibonyeza *147# huku simu ikiwa karibu kuzima.

Kitabu changu cha kliniki kilipofunguliwa niliona haya. Tangu 2016 Shirika la Afya Duniani hupendekeza mjamzito aonwe angalau mara nane. Mimi nilikuwa nimeonwa mara nne. Nimewaandikia akina mama mengi katika ukurasa huu, na ushauri wangu mwenyewe sikuufuata.

Dalili ya mvua ni mawingu. Dada yangu msomaji, ukiwa na mimba kisha kichwa kikakuuma kisitulie, macho yakaona ukungu au vimulimuli, uso na mikono ikavimba, ukaumwa chini ya mbavu, ukatokwa na damu, au mtoto akapunguza kucheza, usingoje kumaliza kazi wala kesho. Nawe bwana, zijue dalili hizi kama unavyojua ratiba ya kandanda, kwa maana mwenye kuumwa mara nyingi ndiye wa mwisho kukubali. Pia hakikisha jina la mkeo limeingia mahali linapotakiwa.

Naandika haya Jumamosi nikiwa kitandani wodini. Presha imeshuka hadi 130 kwa 85, na mtoto anacheza. Daktari anataka tufike wiki ya 37 kabla ya kunianzishia uchungu, presha ikikubali. Barua ya mume wangu bado iko mezani kwa mkubwa wake.

Mama mkwe hazungumzii tena Nyamira. "Azaliwe penye daktari," alimwambia mamangu mlangoni mwa wodi, na wawili hao wakaagana wakicheka. Asubuhi ya leo aliniletea uji wa wimbi, akaniuliza kwa sauti ya chini kama, mtoto akiwa msichana, angeweza kupewa jina la mdogo wake.

Nilimtazama mume wangu. Naye akaitikia kwa kichwa. Jina lenyewe nitawaambia likishapata mwenyewe.