Karatasi za Ndoa ya Mgeni

Mzee mmoja wa Ruponda atuuliza: binti yake ameposwa na kijana Mwislamu wa Msumbiji, walii yupo, mashahidi wapo, mahari yametajwa, karatasi za nini tena?

Kwa dini, Bwana, nikahi hiyo ni sahihi. Na huko kusini, ambako Wayao na Wamakua wako pande zote mbili za Ruvuma, mtu wa ng'ambo haonekani mgeni. Lakini serikali yamwita mgeni. Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 yataka taarifa itolewe siku 21 kabla, na shekhe afungishaye awe na leseni. Kijana na alete pasi ya kusafiria, pamoja na cheti cha kwao kwamba hana kizuizi cha ndoa, kilichofasiriwa kutoka Kireno. Nikahi ikifungwa huko, binti naye aombe cheti cha namna hiyo RITA.

Cheti hicho, Mzee wetu, ukisome mwenyewe. Kwetu sheria humtambua mke wa pili, Msumbiji haimtambui. Kijana akiwa na mke wa cheti kwao, binti yako akihamia huko atakuwa mke mbele ya Mwenyezi Mungu, ila mbele ya hakimu si mke. Na mume akifa, mirathi ataidai kwa hati gani? Hilo muulize kabla hujapokea mahari.