Usinunue Kinanda, Maliza Wimbo Kwanza

Najua nimepotea. UE zilinikaba koo, ila sasa zimeisha na bado napumua, kwa hiyo nimerudi. Leo sina hadithi ya maji kukatika hosteli wala foleni ya kafeteria. Nina jambo linaniwasha na nitalisema kama lilivyo, atakayenuna anune.

Juzi usiku dogo mmoja wa mwaka wa kwanza kagonga mlango wa chumba chetu, kashika karatasi. "Kaka samahani, nimeambiwa wewe ndiye unayetengenezaga biti humu. Boom likiingia nataka kuanza. Niangalizie hii listi." Nikaisoma: kinanda cha MIDI, maiki ya kondensa, spika mbili za studio, na kile kiboksi cha nje cha kuingizia sauti. Mkwanja wa kula semesta nzima umelala kwenye karatasi moja.

Nikamuuliza, "Mpaka sasa umeshatengeneza nini?"

"Bado kaka. Nasubiri vifaa."

Jamani, hiyo "nasubiri vifaa" naijua, nimeishi nayo mwaka mzima. Nilimwambia nitakachowaambia na nyie: kama una kompyuta inayoweza kuandika asaimenti na hedifoni za kawaida, usinunue kitu chochote mpaka umalize nyimbo tano. Nasema umalize. Kuanza kila mtu anaanza.

Najua kuna washikaji watasema namkatisha tamaa dogo. Tuangalie historia basi. Roland wa Japani walitoa kimashine kinaitwa TB-303 mwanzoni mwa miaka ya 1980, kazi yake ikiwa kuigiza gitaa la besi. Hakikufanana na gitaa hata kidogo, na kufikia 1984 uzalishaji ulishasimamishwa. Vikaishia kuuzwa mtumba kwa bei ya kutupa. Vijana wa Chicago wakaviokota. Kundi la Phuture wakawa wanazungusha vitasa vyake huku kinapiga, sauti inalia na kujikunja kama imebanwa mlangoni, na mwaka 1987 wakatoa "Acid Tracks". Mtindo mzima wa acid house umetoka kwenye kimeo ambacho wapiga gitaa walikikataa.

Njoo kwenye kompyuta. Burial wa London amesema mwenyewe kwamba muziki wake wa mwanzo aliutengeneza kwa Sound Forge, programu ya kukata na kuunganisha sauti. Haikuwa na hata ile gridi ya kupangia midundo, alikuwa anapanga kwa macho na masikio. Albamu yake "Untrue" ya 2007 mpaka leo watu wanaiongelea. Mwaka huohuo Soulja Boy, miaka 17, alikuwa namba moja Marekani na "Crank That", aliyoitengenezea FL Studio, ile ile ambayo kaka zetu waliijua kwa jina la FruityLoops kabla haijabadilishwa jina mwaka 2003.

Na hapa nyumbani tuna singeli. Pale Mburahati, Dar es Salaam, studio ya Sisso imepika singeli kwenye kompyuta bila mbwembwe zozote, na mwaka 2017 Nyege Nyege Tapes ya Kampala wakatoa mkusanyiko unaitwa "Sounds of Sisso". Ukasikika mpaka Ulaya. Mapigo 200 kwa dakika na zaidi, mengine yanagusa 300! Muziki wenyewe ulianzia kwenye vigodoro, watu wanachana juu ya vipande vya taarabu vilivyokimbizwa mbio. Hakuna aliyekuwa anasubiri spika za studio.

Sasa kwa wanaotaka kuanza usiku huu. Chukua LMMS, ni ya bure kabisa, inafanya kazi kwenye Windows na Linux. Audacity ya kurekodi na kukata sauti nayo ni bure. Huna kompyuta kabisa? BandLab ipo kwenye simu, bure. Fungua gridi ya hatua 16. Mwendo weka 120 kwa dakika, maana yake pigo moja linachukua nusu sekunde na mstari mzima unaisha kwa sekunde mbili. Ngoma nene, ile ya "duf", iweke hatua ya 1, 5, 9 na 13. Makofi weka ya 5 na 13. Matoazi weka ya 3, 7, 11 na 15. Bonyeza. Umeshapiga hausi, hongera! Sasa sogeza toazi moja lilipokuwa halipo usikie kichwa kinavyotikisika tofauti. Hilo ndilo somo lako la kwanza, na halijakugharimu hata nauli ya daladala.

Tukitaja daladala, kuna jambo linawatoa watu wengi mapema. Unabonyeza kitufe, sauti inachelewa kutoka, unaamua kompyuta yako mbovu na unahitaji kifaa. Subiri kwanza. Kompyuta inakata sauti vipande 44,100 kwa kila sekunde na haivipeleki kimoja kimoja, inavikusanya kama konda anavyosubiri gari lijae. Ikisubiri vipande 512, gari linaondoka kila baada ya milisekunde 12 hivi. Ikisubiri 128, linaondoka kila baada ya milisekunde 3. Gari dogo linawahi, ila safari zinakuwa nyingi na injini inachoka, ndipo unasikia ile mikwaruzo. Unapopiga, punguza namba. Unapopanga na kumiksi, iongeze. Kwenye Windows weka ASIO4ALL, ya bure, mambo yatalainika sana. Nusu ya watu wanaotaka kununua kile kiboksi cha nje tatizo lao lingeishia hapo.

Na spika za studio? Chumba chenye vitanda vinne na watu sita (mnajua tunavyobebana) utazipigia wapi? Tumia hedifoni, kisha wimbo uusikilize kwenye simu na kwenye redio ya mama anayetuuzia chipsi. Spika ya simu haiwezi kutoa besi ya chini kabisa. Kama besi yako imepotea yote ukiiweka kwenye simu, ujue hiyo besi haina kitu kwa juu, iongezee ukwaruzo kidogo isikike. Mimi mama wa chipsi ndiye injinia wangu. Akiacha kugeuza mayai na kuangalia redio, najua imekubali.

Sasa niingie penye moto. Programu za kuchakachua.

Nikianza nilifanya kama wote. Mshikaji kanipa flashi, ndani FL Studio imejaa, plagini mia na kitu, na faili la maelekezo linasema zima antivairasi kwanza. Nikazima. Mtu mzima, mwalimu mtarajiwa, nimeambiwa na nisiyemjua fungua mlango ulale, nikafungua nikalala. Wiki ya pili faili zangu zote zikageuka majina ya ajabu, hazifunguki. Humo kulikuwa na ripoti yangu ya field, wiki nane za kufundisha, na ilitakiwa siku nne mbele. Niliiandika upya kutoka kwenye maandalio yangu ya somo ya mkono, silali, nikamfuata mhadhiri nikaomba siku mbili. Alinipa. Aliniuliza faili zilipotea vipi, nikamwambia vairasi. Sikumwambia niliyemfungulia mlango ni mimi.

Hasara ya faili niliimeza. Kilichonikaa rohoni ni kingine. Kule field nilimnyang'anya mtoto wa kidato cha pili karatasi kwa sababu alinakili jibu la mwenzake, nikatoa hotuba ndefu ya uaminifu, darasa zima kimya. Jioni narudi gheto nafungua programu ya wizi natengeneza "sanaa yangu". Na sisi sisi ndio tunaolalamika wasanii wanaibiwa, nyimbo zinasambazwa bure, sheria ya hakimiliki ipo tangu 1999 na haisaidii. Tunataka ituhifadhi sisi huku tunachukua vya wenzetu. Haiendi.

Mtasema bei ni kubwa kwa mtu anayeishi kwa boom. Kweli, ni kubwa kichizi. Ndiyo maana nimetaja za bure kwanza. Halafu FL Studio yenyewe ina toleo la majaribio halali kutoka kwa wenyewe, Image-Line wa Ubelgiji. Unatengeneza wimbo, unautoa kama faili la sauti, hakuna anayekuzuia. Kikwazo ni kwamba ukishahifadhi kazi na kufunga, huwezi kuifungua tena mpaka ununue.

Mwanzoni nilikiona hicho kikwazo kama matusi. Baadaye ndicho kilichonifanya mtu. Kabla ya hapo nilikuwa na vipande 43 vya mistari minane minane, kila kimoja "nitakimalizia kesho". Toleo la majaribio likaninyima kesho. Nikikaa saa mbili usiku, lazima wimbo uwe na mwanzo, katikati na mwisho kabla sijalala, la sivyo umekufa. Wimbo wa kwanza ulikuwa takataka. Wa pili takataka yenye mwisho. Wa sita mama wa chipsi akaacha mayai.

Wenzangu wa ualimu mtanielewa. Ile ngazi ya Bloom, ilipofanyiwa marekebisho 2001, kileleni wakaweka kubuni na chini kabisa kukumbuka. Mtu anayeangalia video za mafunzo YouTube miezi sita bila kufungua gridi yuko ngazi ya kukumbuka. Anajua majina ya vitufe vyote, hana wimbo. Ni sawa na mtu anayedesa kila siku na hajawahi kuingia kwenye mtihani.

Sisemi vifaa ni dhambi. Ukimaliza nyimbo tano, utajua mwenyewe unakwama wapi. Kama vidole vinatamani funguo, kinunue kinanda, tena kidogo cha funguo 25, mtumba. Kama unarekodi sauti ya mtu, nunua maiki. Utanunua kwa sababu wimbo umekuomba. Tangazo litasubiri.

Dogo aliondoka hajaridhika, nilimwona usoni. Karatasi yake kaikunja vizuri kaweka mfukoni. Lakini jana saa tano usiku kanitumia faili la sauti, dakika moja na sekunde arobaini. Matoazi yanakimbilia kusikojulikana, besi inagombana na ngoma, na mwisho wake umekatika ghafla kama umeme wa hosteli yetu. Nimeusikiliza mara tatu.

Umebakiza minne, mdogo wangu. Boom likiingia, kula kwanza.

Nawasilisha.