Si Uvivu: Damu Haba ya Vijana wa Kawangware 56

Kituo cha matatu cha Kawangware 56, jijini Nairobi, huanza kurindima alfajiri. Wakati huo wasichana wengi wa mitaa inayokizunguka wamekwisha kuteka maji na kuwavalisha wadogo zao sare. Ifikapo saa nne mmoja wao anasinzia darasani. Mwalimu husema ni mvivu. Mama husema anajidekeza. Kiswahili kina jina la kale la maradhi ya aina hiyo, safura, lililohusishwa na minyoo inayonyonya damu utumboni, lakini neno linalotangulia vinywani ni uvivu. Kosa hilo lina gharama, maana mvivu hukaripiwa ilhali mgonjwa hupimwa.

Shirika la Afya Duniani humhesabu msichana wa miaka 12 au zaidi, asiye mja mzito, kuwa na upungufu wa damu iwapo himoglobini yake iko chini ya gramu 12 kwa desilita. Tone moja latosha kupima. Sababu hazionekani katika tone hilo. Ziko jikoni na dukani.

Chukua unga. Tangu 2012 sheria ya Kenya imewalazimu wasagaji kuutia madini ya chuma unga wa mahindi na wa ngano unaouzwa kwa pakiti. Aghalabu maskini hanunui pakiti. Hununua wa siku hiyo, kwa gorogoro au nusu yake, uliosagwa kwa mashine ya mtaani bila kutiwa chochote. Sukuma wiki ina chuma, lakini chuma cha mboga hufyonzwa kwa shida, na chai inayonywewa pamoja na chakula hukizuia zaidi. Kisha kuna suala la nani hupakuliwa nini. Wakazi wengi wa Kawangware wana asili ya Uluhyani, ambako firigisi ya kuku ni haki ya baba. Desturi yenyewe haina hatia kubwa. Firigisi moja haiokoi ukoo. Lakini mantiki yake ikihamia kwenye robo kilo ya nyama ya Jumapili, anayepoteza damu kila mwezi ndiye huachiwa mchuzi.

Dola haikulala kabisa. Kodi ya sodo iliondolewa mwaka 2004, na sheria ya 2017 ikaahidi sodo za bure kwa wasichana wa shule za umma. Damu inayotoka imetungiwa sheria. Ya kuirudisha haijapata bahati hiyo. Vidonge vya chuma hutolewa kwanza kwa mja mzito, kana kwamba msichana sharti ashike mimba ndipo damu yake ihesabiwe. Hata mpango wa chakula cha shuleni ulioanzishwa na Kaunti ya Nairobi mwaka 2023 uliwalenga wanafunzi wa shule za umma, ilhali vijana wengi wa Kawangware husoma katika shule ndogo za binafsi.

Mwaka 2011 Shirika hilo lilipendekeza vidonge vya kila wiki pale upungufu unapoenea. Wahudumu wa afya ya jamii, ambao tayari hubisha hodi nyumba kwa nyumba, wangeweza kuvipeleka bila kuuliza shule ni ya nani. Watahitaji Kiswahili cha kumweleza mama kwa nini choo cha bintiye kitageuka cheusi, na kwa nini chai isubiri saa moja baada ya ugali. Kiswahili hicho bado hakijaandikwa vya kutosha, na vyuo vina wanafunzi wa kukiandika.