Mbwa Akichangamka, Usikate Dawa

Ndugu mfugaji, upo upungufu wa damu ambao kinga ya mwili wa mbwa yenyewe ndiyo inayoharibu chembe nyekundu za damu. Mara nyingine huja baada ya ugonjwa wa kupe. Daktari wa mifugo akiugundua, kwa kawaida huanzisha prednisoloni ya kutuliza kinga hiyo. Siku chache baadaye mbwa anakula, anabweka, na mwenye mbwa anaona kununua tembe zaidi ni hasara. Hapo ndipo ninapogombana na watu.

Dozi hupunguzwa kidogo kidogo kwa miezi. Ukiikata ghafla ugonjwa unaweza kurudi, na mwili uliozoea dawa unaweza kuishiwa nguvu kabisa. Kama fedha haitoshi, mwambie daktari siku ya kwanza mpange, si aibu.

Atakunywa maji sana na kukojoa ovyo. Usimpige wala usimnyime maji, ni dawa hiyo. Atakuwa mlafi pia, kwa hiyo fungeni jiko. Tembe apewe pamoja na chakula. Diklofenaki au aspirini ya nyumbani usimpe kwa uamuzi wako, maana vikikutana na prednisoloni tumbo linaweza kutoka damu. Kulinda usiku apumzike kwanza.

Kila asubuhi tazama fizi. Kama ni nyeusi kwa asili, vuta kope la chini. Ukiona weupe au manjano, mkojo kama chai ya rangi, au kinyesi cheusi kama lami, usisubiri siku ya gulio. Mpeleke siku hiyo hiyo.