MSITUZIKE TUNGALI HAI

Mhariri wetu amesema makala yote yafike mezani pake Ijumaa, na nusu fainali ya kaunti itachezwa Jumamosi. Kwa hivyo mtakaposoma maneno haya mtakuwa mnajua jambo ambalo mimi silijui. Huenda mtanicheka. Nichekeni tu, lakini kwanza mnisikilize.

Jambo lenyewe si geni kwenu. Je, shule ya kutwa kama yetu, ambayo uwanja wake umeinama kama paa la nyumba, inaweza kuwang'oa wana wa bweni na kuingia fainali ya kandanda ya Trans Nzoia? Wiki mbili sasa hakuna linguine linalozungumzwa isipokuwa hilo. Kule kibandani nje ya lango, mandazi yanapoa mkononi watu wakibishana. Hata foleni ya mfereji imegawanyika kambi mbili. Juzi mwalimu wa zamu alilazimika kuja darasani kwetu kuuliza kama ni bunge au ni kidato cha tatu.

Wanaotupinga si wageni peke yao. Yuko mwendesha boda boda mmoja aliyesoma katika shule hiyo tutakayocheza nayo. Jina la shule mnalijua, nami silitaji, maana sitaki mhariri apate barua. Kila asubuhi tukipita yeye hutupigia honi na kusema, "Vijana, fungweni tatu tu, msilie!" Huyo simlaumu. Anatetea kwao. Wanaoniuma ni wenzetu wanaovaa sare hii hii yetu na kusema ati tumefika nusu fainali kwa bahati, na sasa tumefika mwisho wa reli.

Hoja yao ni historia. Wanasema: tazama St. Anthony's, wale Solidarity, wamewahi kuwa mabingwa wa taifa na wakaiwakilisha Kenya huko Afrika Mashariki. Tazama St. Joseph's. Mji mmoja wa Kitale una miamba kama hiyo, na kaunti nzima imezoea kuona kombe likilala bwenini. Kutwa atatokea wapi? Nakubali kwamba historia hiyo ni ya kweli. Ninachokataa ni kwamba historia huvaa njumu ikaingia uwanjani.

Mabishano makali kuliko yote niliyapata Bungoma, likizo fupi ya muhula huu. Nilipanda matatu hapa mjini, tukapita Kiminini, Kamukuywa na Misikhu hadi Webuye, na kutoka hapo Bungoma si mbali. Nilikuwa nimetumwa kwa Kukhu kupeleka mahindi ya mbegu. Nikamkuta binamu yangu, ambaye ni mwanafunzi wa bweni huko na ni shabiki sugu. Hata kabla sijaketi akaniuliza, "Mulembe, ati hata nyinyi mna timu?"

Kwake yeye kandanda ya shule ni ya mkoa wa Magharibi. Akanihesabia: huko kuna Kakamega High, wale Green Commandos, kuna Musingu, na bingwa wa Bungoma hana budi kupita katikati ya moto huo kabla hajaona taifa. "Nyinyi Trans Nzoia mnakutana na nani? Mbuzi wa Pokot?" Hapo alinikera. Nikamwambia kwamba mkoa wetu wa Bonde la Ufa una kaunti 14 na wao Magharibi wana nne tu, basi ajiulize nani ana safari ndefu. Akanijibu kwamba safari ndefu si mlima mrefu. Kukhu akatuambia tunyamaze, tunamsumbulia kuku wanaoatamia.

Nitoke nje ya mada kidogo. Si ajabu hii? Katiba ya 2010 iliondoa mikoa na kutuletea kaunti 47, lakini michezo ya shule ingali inafuata mipaka ya mikoa ile ya zamani. Kutoka kwetu hadi shule za kina binamu yangu ni mwendo wa matatu moja, na wengi wetu huku Kitale kwetu ni huko huko Bungoma. Lakini shule zetu haziwezi kukutana katika mashindano hayo mpaka kila mmoja awe bingwa wa kaunti, kisha atoke mkoani, tuonane kitaifa. Ndugu wa boma moja wanatafutana kwa kuzunguka Kenya nzima! Ndiyo maana tunabishana kwa maneno. Mpira wenyewe hatupewi.

Basi binamu akaleta silaha yake ya mwisho. Akasema wao wana uwanja wa Masinde Muliro pale Kanduyi, ambako sherehe za Madaraka za kitaifa zilifanyiwa mwaka wa 2024, "na nyinyi mna malisho." Hapo nilinyamaza. Si kwa sababu Kitale haina uwanja, maana Kenyatta Stadium tunao. Nilinyamaza kwa sababu timu yetu kweli hufanya mazoezi malishoni.

Sasa nifike kwenye hoja yangu. Watu wanaosema hatuna nafasi wanapima kama kwamba ni ligi. Katika ligi mtacheza mechi ishirini na zaidi, na mwishowe mwenye wachezaji wengi, chakula kizuri na kocha wa kulipwa atakuwa juu. Hapo hata mimi singebisha. Lakini Jumamosi ni mechi moja ya mtoano. Kwa siku moja mkubwa anaweza kuamka vibaya na mdogo akaamka vizuri.

Nitatoa mfano ambao sote tuliuona. Agosti 2025 Kenya, Uganda na Tanzania ziliandaa CHAN, yale mashindano ya Afrika ya wachezaji wanaosakata gozi katika ligi za nyumbani kwao. Harambee Stars walipangwa kundi moja na Moroko, Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo, Angola na Zambia. Moroko na Kongo walikuwa wameshabeba kombe hilo mara mbili kila mmoja. Sisi ilikuwa mara yetu ya kwanza kabisa kucheza. Mnakumbuka watu walivyosema? Walisema tutapigwa mpaka tukose pa kujificha. Tarehe 10 Agosti, Kasarani, Ryan Ogam akafunga kabla ya mapumziko. Halafu Chrispine Erambo akaonyeshwa kadi nyekundu, tukacheza kipindi kizima cha pili tukiwa kumi. Nyumbani kwetu baba alizima redio mara mbili kwa hofu na kuiwasha tena. Ikaisha 1-0. Na Moroko hao hao ndio waliochukua kombe mwisho wa mwezi, walipoifunga Madagaska 3-2. Katika mashindano yote waliopoteza mechi kwao ilikuwa hiyo moja tu, mbele yetu.

Mwenzangu mmoja darasani alinipinga vizuri, na ni haki niandike aliyosema. Alisema Kenya baadaye ilitolewa na Madagaska kwa mikwaju ya penalti katika robo fainali, kwa hivyo mdogo hafiki mbali. Nikamjibu: na Madagaska ni nani, kama si mdogo mwenzetu aliyefika fainali? Alisema tena kwamba Stars walikuwa na kocha Benni McCarthy, wakakaa kambini, wakajaziwa uwanja. Hapo alinishika. Sisi kocha wetu ni mwalimu wa Hisabati, na kambi yetu ni chini ya mkalitusi.

Ndiyo sababu sitaki kuwadanganya kwamba moyo pekee unatosha. Mimi si mchezaji. Mimi ndiye hubeba maji na lile gunia la njumu, kwa hivyo nayajua mambo ya timu hii kuliko wanaopiga kelele kibandani. Njumu zinazofaa ni jozi tisa. Wa kumi na wa kumi na moja huvaa raba, na mmoja wao ni beki wa kushoto, ndiyo maana huteleza mkimcheka. Mazoezi huanza saa kumi na kwisha saa kumi na moja, kwa sababu kiungo wetu wa kati lazima afike nyumbani akakamue ng'ombe, na mlinda lango anakaa mbali na njia yake ni ya msituni. Wenzetu wa bweni wakimaliza mazoezi huenda kuoga na kula. Isitoshe, mwaka wa 2025 shule zote nchini hazikupokea kidato cha kwanza kwa sababu ya mtaala mpya, na sasa tumebaki na Gredi ya Kumi, kidato cha tatu na cha nne. Shule kubwa hiyo hawaisikii sana. Sisi tuliokuwa wachache tangu awali, tukitafuta wachezaji wa akiba tunahesabu vichwa.

Pamoja na hayo yote tumefika nusu fainali. Mkumbuke mechi yetu ya mwisho ya kaunti ndogo. Tulifungwa bao la mapema, na wakati wa mapumziko mashabiki wetu wenyewe wakaanza kuondoka wakiimba ile nyimbo ya kuwadhihaki wachezaji. Nilikuwa naigawa maji. Mlinda lango alikuwa ameinama, anajifanya anafunga kamba za viatu, lakini kamba zilikuwa zimeshafungwa. Kipindi cha pili tulisawazisha, na dakika za mwisho tukachapa la pili kwa kichwa. Walioondoka mapema waliambiwa matokeo na muuza mandazi. Kesho yake ndio waliokuwa wa kwanza kusema "tuliwafunga". Nyinyi na nani?

Kuna jambo jingine ambalo watu wananong'ona, nami nimeona heri niliandike. Mshambulizi wetu, yule aliyefunga kwa kichwa, amefuatwa na shule moja kubwa ya bweni. Wamemwambia aje kwao, karo italipwa, chakula bure na njumu mpya. Habari zilipotoka, kambi yetu ikamwita msaliti. Mtu akamwandikia maneno mabaya kwenye dawati. Hata mimi, nikiri, nilikuwa mmoja wa waliomzomea siku ya kwanza.

Kisha Jumapili moja nikaenda kwao kumrudishia daftari langu la Kemia alilokuwa amelisahau darasani, au niseme daftari lake, maana yaliyomo yote ni yake na mimi hunakili tu. Nilimkuta anamsaidia mamake kufunga mafungu ya sukuma wiki ya kuuza sokoni. Wadogo zake wawili walikuwa nyumbani, na haikuwa kwa sababu ya ugonjwa. Sikumuuliza chochote kuhusu kuhama. Yeye mwenyewe aliniambia, "Wacha kwanza tumalize Jumamosi." Nilirudi nyumbani nikitembea polepole.

Wale wanaosema asiende, hakuna hata mmoja aliyemlipia hata nusu ya nauli. Na wale wanaosema shule za kutwa hazina vipaji wangeulize vipaji hivyo vinapelekwa wapi vikishaonekana. Sisemi shule kubwa zina makosa kumchukua mtoto na kumsomesha. Kwa mama yule ni msaada mkubwa. Ninasema tu kwamba mtu akikuvunia shamba lako kila mwaka, asije tena kukucheka kwamba ghala lako ni tupu. Na kama mwenzetu ataondoka, basi huu ndio mwaka wetu. Mwaka ujao sijui nani atapiga kichwa.

Kwa hivyo wenzangu wa sare moja, mimi sitaki mniambie kama tutashinda au tutashindwa. Nataka Jumamosi mje, na mkija mkae mpaka filimbi ya mwisho. Walimu wetu wapendwa, namwomba mwenye gari aturuhusu tumbebeshe mlinda lango jioni hiyo, kwa sababu mechi ikienda penalti giza litamkuta njiani.

Maana mimi naona itakwenda penalti. Naona sare ya 1-1, wao wakitangulia, sisi tukisawazisha jioni jioni. Tukifika penalti, mlinda lango wetu amekuwa akidaka maembe ya kurushiwa tangu darasa la tatu. Hilo nililiona kwa macho yangu, na nilikuwa mrushaji. Nimemwandikia binamu yangu hivyo hivyo. Yeye amesema tutafungwa mbili bila. Tumewekeana jogoo, na Kukhu ndiye mwamuzi. Nikishindwa nitampeleka mwenyewe Bungoma kwa matatu, akiwa kwenye kikapu, na nauli yake nitalipa mimi.